Kati ya Sitara na Ghushi

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kufunika. Mtu hufunika chungu, hufukia shimo, huziba ufa, husitiri utupu, huficha mali, hughushi bidhaa. Mikono inayofanya kazi hizi aghalabu huenda mwendo mmoja: kitu huwekwa juu ya kitu, na cha chini kikatoweka machoni. Hata hivyo hakuna mwenyeji wa lugha hii atakayemwita msitiri kuwa mghushi, wala atakayemshukuru mghushi kwa sitara yake. Tofauti hiyo, iliyo wazi kabisa ulimini, huwa ngumu kushikika pale mtu anapoitafuta ndani ya kitendo chenyewe. Na hapana kitendo kinachoionyesha vizuri, kwa udogo wake na kwa ukawaida wake, kama kile cha fundi rangi anayeziba nyufa na vishimo vya ukuta kwa puti kabla ya kupaka rangi.

Kazi yenyewe ni ya subira. Fundi anayejua hesabu yake haanzi kwa kujaza. Huanza kwa kupanua. Ufa mwembamba kama unywele huukwangua kwa ncha ya kisu mpaka upate mdomo wa kupokea, kwa sababu puti iliyopakwa juu ya ufa uliofumba hukaa juu juu kama ukoko, na haichukui muda ikabanduka. Kisha hufagia vumbi, maana kilichoshikana na vumbi hakikushikana na ukuta. Shimo kubwa halijazwi kwa puti laini hata kidogo. Hujazwa kwanza kwa mchanganyiko mzito wenye chembe, tabaka baada ya tabaka, kila moja likiachwa likauke. Kwani puti laini, iliyotengenezwa kwa unga wa mawe ya chokaa uliosagwa mno, au kwa jasi, pamoja na gundi, husinyaa inapopoteza maji yake, na ikiwekwa nene hupasuka ikazaa ufa mpya ndani ya ule wa zamani. Nafasi yake halali ni tabaka la mwisho, la milimita moja au mbili, linalotandazwa kwa kisu kipana na kupunguzwa ukingoni hadi liishe pasipo mpaka. Ikishakauka hupigwa msasa. (Neno hilo nalo lina nasaba yake: msasa ni mti kabla ya kuwa karatasi, na majani yake yenye ukakasi ndiyo yaliyolainishia mbao kabla ya viwanda kuleta karatasi ya mchanga.) Halafu huja taa. Fundi mzuri huiweka taa ubavuni mwa ukuta, si mbele yake, kwa sababu mwanga wa mbele husamehe kila kitu na mwanga wa ubavuni hausamehe hata alama ya kidole. Mwisho hupaka rangi ya awali, kwani puti hunywa rangi kwa kiu isiyolingana na ya lipu iliyo kando yake, na ukuta ambao haukunyweshwa kwanza utaonyesha doa kila palipozibwa, hata kama kiganja kikipita juu yake hakihisi kitu.

Kazi hii ina sifa moja ambayo kazi chache zinayo: ikifanikiwa, hutoweka. Seremala huacha mlango, mfinyanzi huacha mtungi, mshairi huacha beti. Fundi wa puti huacha mahali ambapo macho hayasimami. Mwenye nyumba atasifu rangi, na mgeni atasifu chaguo la rangi, na hakuna atakayesema kwamba pale juu ya dirisha palikuwa na pengo la kuingia vidole vitatu. Basi sifa haimfikii aliyeitenda. Wala lawama haimfikii upesi, na hapo ndipo penye mtihani wake. Siku ya kukabidhi kazi, ufa uliokwanguliwa, ukafagiwa, ukajazwa kwa tabaka tatu, na ufa uliopigwa puti mara moja juu ya vumbi lake, yote miwili ni ukuta mmoja mweupe. Hakuna jicho linaloitambua tofauti. Huitambua masika, mara nyingine masika ya pili, wakati fundi amekwishalipwa na kuhamia mtaa mwingine. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na wakaongeza kwamba uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Lakini mkakasi mtu aweza kuufunua akaona. Ukuta haufunuliwi.

Katika miji ya visiwani na ya mwambao jambo hili lina uzito wake wa pekee, kwa sababu ya kuta zenyewe. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, dari zake zikibebwa na boriti za mikoko. Kuta ni nene, kiasi cha nusu mita na kuzidi, na ndani yake mna mawe madogo, udongo na nafasi za hewa. Ukuta wa namna hii haukujengwa uwe mkavu daima. Ulijengwa upate kulowa na kukauka. Unyevu hupanda kutoka ardhini na huingia na mvua, kisha hutoka polepole kupitia lipu ya chokaa, na chokaa huuruhusu. Chokaa hata ina tabia ambayo puti ya dukani haina: maji yanapopita katika ufa mwembamba huyeyusha sehemu ya chokaa na kuiacha tena ndani ya ufa, hata ufa ule ukajiziba wenyewe bila ya mkono wa mtu. Wazee waliokuwa wakipaka chokaa upya kila ikaribiapo Ramadhani au harusi hawakuwa wakipamba tu. Walikuwa wakiulisha ukuta kitu kile kile ulichotengenezwa nacho.

Saruji ilipokuja, na baadaye puti za jasi na rangi za plastiki, mwendo huo ulikatika. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko ukuta inaoufunika, na haipumui kama chokaa. Unyevu uliokuwa ukitoka hubaki ndani, ukibeba chumvi ya mchanga wa pwani na ya mawe yenyewe. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, ikaganda, ikavimba, na baada ya muda kipande kizima huanguka kikiwa kimeng'oa na uso wa jiwe. Jasi nayo hulainika ikikaa katika unyevu. Ndiyo maana chumba kilichong'aa siku ya Idi huonekana baada ya miezi kadhaa kikiwa na malengelenge sentimita chache juu ya sakafu. Mwenye nyumba huita fundi. Fundi hukwangua, huziba, hupaka. Mwaka unaofuata humwita tena. Kila ukarabati ni mzuri kuliko uliotangulia, na kila mmoja huongeza maradhi. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta husemwa kana kwamba kuziba ni jambo moja. Ukuta wa matumbawe wafundisha kwamba kuna kuziba kunakotibu na kuna kuziba kunakoharakisha siku ya kujenga upya, na kwamba aliyeziba kwa nia njema hakuokolewa na nia yake.

Lakini hilo bado ni swali la elimu ya kazi. Swali la maadili huanza pale fundi anapoelewa vyema kilicho nyuma ya puti, na mwenye nyumba pia anaelewa, na wa tatu asiyeelewa yuko njiani anakuja kununua.

Hadithi mashuhuri aliyoipokea Imamu Muslim yaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye nafaka alijitetea kwamba imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na ghushi ikakemewa kwa maneno makali ambayo kila mtoto wa chuoni ameyasikia. Yafaa kuyatazama mazingira ya kisa hicho kwa utulivu. Mfanyabiashara yule hakutia kitu kigeni katika nafaka. Maji ni ya mvua, na mvua hakuileta yeye. Nafaka kavu iliyokuwa juu ilikuwa nafaka kweli. Wala haikusimuliwa kwamba alitamka uwongo kwa ulimi wake. Alichokifanya ni mpangilio: kavu juu, mbichi chini. Kosa lake lilikuwa katika tabaka, na maana yake ni kwamba tabaka la juu lina kauli. Kinachoonekana kinasema juu ya kisichoonekana, hata mdomo wa mwenyewe ukinyamaza.

Wanasheria wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao huu, waliichukua fikra hiyo mbali. Mfano wao wa asili ni mnyama aliyeachwa bila kukamuliwa siku kadhaa ili kiwele kijae machoni pa mnunuzi. Maziwa ni yake, kiwele ni chake, na bado mnunuzi ana hiari ya kumrudisha pamoja na pishi moja ya tende badala ya maziwa aliyoyakamua. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake Minhaj, akakusanya mifano inayolingana na huo: maji ya mfereji au ya kinu cha kusagia yaliyozuiliwa kisha yakafunguliwa wakati wa mauzo, uso uliotiwa wekundu, nywele zilizotiwa weusi na kusokotwa. Yote hayo yampa mnunuzi hiari. Kisha akaongeza mfano mmoja ambao hauimpi: mtumwa ambaye nguo zake zimepakwa wino ili adhaniwe kuwa ni mwandishi. Hapo, katika kauli iliyo sahihi zaidi, mnunuzi hana hiari, kwa sababu alama ile ni dhaifu mno kumfanya mtu mwenye akili aitegemee. Wino katika nguo si hati katika mkono. Angeuliza.

Mpaka huo ni wa thamani kubwa kwa mwenye kuitafakari puti. Rangi mpya juu ya nyumba inayouzwa ni wino katika nguo. Kila mtu ajua kwamba nyumba hupakwa rangi kabla ya kuuzwa, na mnunuzi anayeiona rangi mpya akahukumu kwamba kuta ni nzima amejidanganya mwenyewe. Alama ndogo za misumari, mikwaruzo ya kabati, nyufa za unywele ambazo lipu yoyote huzipata inapokauka, kuzijaza hakumvui mtu haki yake. Lakini ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, mpana chini au mpana juu, unaorudi kila unapozibwa, huo ni maji ya kinu yaliyozuiliwa. Anayeujaza puti na kuunyamazia siku ya mauzo ameondoa alama ile ile ambayo ingelimfanya mnunuzi aulize. Hawezi tena kusema kwamba mnunuzi hakuuliza.

Haiwezekani kuipita mifano ya Minhaj bila ya kusimama mahali pamoja zaidi. Uso uliotiwa wekundu na nywele zilizosokotwa ni za mwanadamu anayeuzwa. Hoja ni nyembamba, imepimwa kwa uangalifu, na haki inayotafutwa humo ni ya mnunuzi. Aliyepakwa rangi hana hiari yoyote katika mlango huo wa kitabu. Sheria ilimpa haki nyinginezo, na kumwacha huru ilikuhesabu kuwa ibada, lakini sokoni yeye alikuwa ndio ukuta. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, baada ya miongo mingi ambamo watu walisimamishwa wakatazamwa meno na viungo. Katika jamii iliyojua kwa undani namna hiyo kuchukia aibu iliyofichwa katika bidhaa, iliwezekana kwa karne nyingi kutoiona aibu ya kuwapo kwa bidhaa yenyewe. Hili halibatilishi kipimo cha Nawawi. Laonyesha tu kwamba kipimo kizuri cha nyufa chaweza kupitishwa kwa ustadi juu ya jengo lililoinama lote.

Katika Ulaya swali la ukweli wa kuta lilishughulikiwa sana na John Ruskin, katika The Seven Lamps of Architecture, kitabu alichokitoa mwaka 1849. Aliona kuwa kufunika matofali kwa lipu, na hata kuichora lipu hiyo picha, hakuna ubaya. Ubaya ni kuichora lipu mistari ya kuungia ili idhaniwe kuwa jiwe. Dhahabu iliyopakwa juu ya mbao hakuihesabu kuwa hadaa, kwa kuwa hakuna aidhaniaye kuwa dhahabu tupu. Kwa hiyo kwake pia jambo liligeukia juu ya kile ambacho mtazamaji ana sababu ya kukisadiki. Lakini Ruskin alikuwa akimfikiria mtazamaji, anayepita, anayehukumu uzuri. Nawawi alikuwa akimfikiria mtu atakayetoa mali yake. Tofauti hiyo si ndogo. Mtazamaji aliyedanganywa amepoteza ukweli. Mnunuzi aliyedanganywa atalala chini ya boriti.

Sasa yafaa kurejea kwenye sitara, kwani kosa la wapenda ukweli mara nyingi ni kuisahau. Si kila kilichofunikwa kimeghushiwa. Kusitiri aibu ya mwenzio ni katika mambo yaliyosifiwa mno na dini na mila. Mwosha maiti hasimulii alichokiona, na mke na mume hawatangaziani kasoro zao barazani. Mila ya Waswahili ilikwenda mbali zaidi hata ikakubali ujanja mdogo wa kuokoa heshima: funika kombe mwanaharamu apite. Lakini mila hiyo hiyo ilisema mficha uchi hazai, na ikasema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayedhani kwamba methali hizi zapingana amezitenga na watu wanaozisema. Kombe hufunikwa mbele ya mpita njia ambaye jambo halimhusu. Maradhi hufunuliwa mbele ya mganga. Swali si kama kufunika ni kuzuri au kubaya, bali ni nani anayesimama mbele ya kilichofunikwa, na ana uhusiano gani nacho.

Nawawi huyo huyo, alipoeleza kusengenya, ambako ndiko kufunua kasoro za watu, alitaja hali sita ambazo ndani yake kumtaja mtu kwa ubaya wake kunaruhusiwa, na miongoni mwao ni pale mtu anapokutaka shauri juu ya kuoana au kushirikiana na fulani. Hapo sitara ya jana huwa khiyana ya leo. Hakuna kilichobadilika katika kasoro ya mtu yule. Kilichobadilika ni kwamba sasa yupo mwingine anayetaka kuegemea. Kipimo hiki chafaa kuhamishiwa ukutani bila kupunguzwa. Mjane mwenye uwezo mdogo, anayeziba ufa wa sebule ili wageni wa harusi ya bintiye wasiuone, amejisitiri, na anayemwita mwongo hana adabu. Puti ile ile, juu ya ufa ule ule, huwa ghushi siku anapokuja mnunuzi na yeye akanyamaza. Mkono haukutenda kitu kipya. Kwa hiyo ghushi haimo katika puti. Imo katika kimya kinachofuata, mbele ya mtu ambaye uzito wake, au mali yake, au watoto wake, wataegemezwa pale.

Kuna pingamizi hapa ambalo lastahili jibu. Huenda ikasemwa kwamba, ikiwa hivyo, basi mjane hana kosa lolote kabla ya kuuza, hata kama ukuta wake unainama juu ya njia. Lakini wanaoegemea ukuta si wanunuzi pekee. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambavyo baadhi yake watu wawili hawapishani bila ya kugeuza mabega, kila ukuta una watu wake: mpangaji wa chini, jirani ambaye boriti zake zimeingia ndani yake, mtoto apitaye kwenda chuoni, mzee aliyekaa barazani pa mtu mwingine. Hao wote ni wadai wa ukweli wa ukuta ule bila ya kuwa na mkataba nao. Sitara huishia pale uzito wa mwingine unapoanzia. Na katika mji wa kuta zilizoungana, huanzia mapema.

Wasomaji wa mashairi watakuwa wamekwisha kuona kwamba fundi rangi hayuko peke yake katika jambo hili. Mshororo wa mizani kumi na sita ni ukuta ulionyooshwa kwa timazi, na kila mtunzi ajua siku ambayo fikra yake imemletea mizani kumi na nne. Ushairi wa Kiswahili una ruhusa zake za kuziba pengo hilo, tena zina majina: mazida hurefusha neno, inkisari hulifupisha. Licha ya hizo kuna maneno ya kujazia, yakini, na fahamuni, na kwa hakika, ambayo katika utenzi mrefu yaweza kuwa pumzi ya msimulizi na katika shairi fupi yakawa puti juu ya vumbi. Hakuna anayemshutumu mtunzi kwa mazida. Msikilizaji aijua ruhusa ile, kama mnunuzi aijuavyo rangi mpya. Kinachochosha ni pengo la fikra lililojazwa kwa vina, ubeti uliopigwa msasa vizuri kiasi cha kumzuia msomaji asitambue kwamba hakuna kilichosemwa. Huo ni mkakasi.

Jambo zito zaidi ni la mhariri wa miswada ya kale. Karatasi imeliwa na mchwa, kipande cha ubeti kimepotea, na mhariri, ambaye ni mjuzi na ana sikio, aweza kutunga kipande kitakachokaa mahali pake pasipo mshono. Utenzi wa Al-Inkishafi, ambao ndani yake zidaka za majumba ya Pate zimeachiwa ndege, umefika kwa wasomaji kupitia nakala zinazotofautiana na mikono ya wanakili na wahariri, mmoja wao William Hichens aliyeutoa mwaka 1939. Ustadi wa kujaza ndio hatari yake. Mhariri mbovu akijaza, kila mtu huona. Mhariri bora akijaza, karne mbili baadaye neno lake litasomwa kuwa ni la Sayyid Abdalla. Kwa sababu hiyo desturi njema huwataka wahariri waweke mabano. Mabano ni puti yenye rangi yake.

Warekebishaji wa picha na majengo waliifikia desturi hiyo hiyo kwa njia yao. Cesare Brandi, aliyeongoza taasisi ya urekebishaji ya Roma iliyoanzishwa mwaka 1939, alitetea namna ya kujaza mapengo ya picha za kale kwa mistari myembamba ya wima: anayesimama mbali huiona picha nzima, na anayesogea huona kwamba pale si mkono wa mchoraji. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 nao ukaagiza kwamba sehemu zinazojaziwa katika majengo ya kumbukumbu zipatane na jengo zima, na wakati huo huo ziweze kutambulikana kuwa si za asili. Ni suluhisho lenye hekima kwa jumba la makumbusho. Ila ni kipimo cha vitu vinavyotazamwa. Kumwambia mtu akae maisha yake yote katika chumba ambacho kila ufa umeandikwa kwa rangi tofauti, ili watalii wapate ukweli, ni kumnyima sitara kwa faida ya mpita njia. Ni kinyume cha kombe na mwanaharamu. Nyumba yenye watu yahitaji njia nyingine: ukuta uliotimia machoni, na elimu ya nyufa zake iliyohifadhiwa mahali panapofikika.

Anayeweza kuihifadhi ni fundi. Kabla ya kuziba ufa anaoutilia shaka, aweza kuubandikia kipande chembamba cha kioo, au daraja la plasta, kikiwa kimeshika kingo zote mbili, na kuandika tarehe. Wafaransa hukiita kipande hicho shahidi. Ukuta ukiwa umetulia, shahidi hubaki mzima. Ukiwa unakwenda, huvunjika, na hapo puti haina kazi tena, yahitajika mhandisi. Shida ni kwamba shahidi hutaka miezi, na mwenye nyumba ana mnunuzi wa Jumamosi. Fundi analipwa kwa siku. Akikataa, mwingine atakubali, na watoto wake hawatakula hoja. Si haki kumtwika yeye pekee mzigo ambao mwenye nyumba ameutua na mnunuzi hakuuona. Lakini si kweli pia kwamba yeye ni mkono mtupu. Kati ya wote watatu, ndiye pekee aliyeuona ufa ukiwa wazi, akaingiza kisu ndani yake, akajua kilipoishia. Ujuzi huo ni amana, haukununuliwa pamoja na kibarua chake.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la ukubwa ule halianguki kwa sababu ya tabaka moja la lipu, wala hapa si mahali pa kugawa lawama. Lakini tangu siku ile, katika mji ule, neno ufa halisemwi tena kwa wepesi uliokuwapo.

Hati za kale za mauzo ya nyumba katika miji hii hueleza mipaka minne: upande huu nyumba ya fulani, upande ule njia, upande wa tatu kiwanja cha wakfu, upande wa nne bahari. Mashahidi huweka sahihi zao chini. Hazikuwa na mstari wa nyufa, pengine kwa sababu zama zile nyufa hazikuwa na puti ya kuzizima, na mnunuzi aliziona kwa macho yake. Mstari huo waweza kuongezwa leo kwa wino kidogo sana: ufa upo wapi, una upana gani, ulizibwa lini na kwa kitu gani, shahidi wake alikaa miezi mingapi. Na chini yake, pamoja na sahihi za wanaouziana, iwepo ya fundi.